Hassan Fathy: Msomi aliyeenda kufunzwa kazi na mafundi wa matope

Umewahi kusimama dakika kumi tu, umtazame fundi akipanga matofali?

Mimi nimewahi, kwa sababu nililipwa kusimama hapo. Nilipoacha chuo nikiwa mwaka wa pili (karo ilikataa, hiyo ni hadithi ya siku nyingine), nilifanya mjengo kwa miezi kadhaa upande wa Ruai. Kazi yangu ilikuwa kubeba: maji, mchanga, karai la simiti. Fundi niliyekuwa nikimhudumia alikuwa mzee wa maneno machache. Siku moja mwenye nyumba akaja akasema anataka ukuta wa veranda uwe na matundu ya urembo, matofali yapangwe yakiacha nafasi kama kimia. Ramani haikuonyesha chochote kuhusu matundu hayo. Mzee alichuchumaa, akachora mchangani kwa kijiti, akahesabu kwa vidole, kisha akachukua mwiko akaanza. Kufikia jioni ukuta ulikuwa umesimama. Jua la saa kumi na moja lilipopenya kwenye yale matundu, sakafu yote ilijaa maua ya mwanga. Hata sisi wa kubeba tuliweka karai chini tukatazama.

Siku hiyo mzee alilipwa pesa ile ile ya siku zote. Nilimwuliza alisomea wapi, akacheka. Hakuwa na karatasi yoyote.

Nimemkumbuka wiki hii kwa sababu nimekuwa nikisoma maisha ya Hassan Fathy, msanifu majengo wa Misri aliyefariki mwaka 1989. Kama hujawahi kulisikia jina lake, usijali, hata mimi ni juzi tu. Lakini ukiwa na nyanya anayeishi kwenye nyumba ya udongo, au una binamu fundi ambaye familia inamwona kama aliyeshindwa na maisha, hii stori inakuhusu. Keti.

Shamba kupitia dirisha la treni

Fathy alizaliwa Alexandria mwaka 1900, katika familia iliyojiweza. Baba yake alikuwa na mashamba, ila hakuyapenda hata kidogo. Kwake mashambani palikuwa ni nzi, mbu na maji machafu, na hakutaka watoto wake wakanyage huko. Mama naye alikuwa ameishi shambani utotoni. Aliwasimulia watoto kuhusu wanakondoo waliomfuata kila mahali kama mbwa, kuhusu kuku na njiwa, kuhusu maisha ambayo mtu alijitengenezea kila kitu alichohitaji.

Kwa hivyo kijana alikua na mashamba mawili kichwani, la baba na la mama, na hakuna hata moja alilokuwa amelikanyaga. Kwa macho yake mwenyewe aliyaona kupitia dirisha la treni, familia ikisafiri likizo za kiangazi.

Alitaka kusomea kilimo. Alipoenda kwenye mtihani wa kuingia, akaulizwa maswali kuhusu mimea, akaanguka vibaya. Utajuaje mambo ya mahindi kama umeyaona yakipita tu dirishani? Ndipo akaingia usanifu wa majengo, akamaliza masomo Cairo mwaka 1926. Kwa hivyo wewe unayelia kwamba hukupata kozi uliyoitaka, tulia. Huyu naye alifika kwenye kazi yake kupitia mlango wa pili.

Alikuwa na umri wa miaka 27 alipokanyaga kwa mara ya kwanza shamba moja la familia yao. Alichokikuta kilimchoma moyo. Wafanyakazi walikuwa wakiishi kwenye vibanda vya chini, vyenye giza na uchafu, na shamba hilo lilikuwa mali ya kwao. Hakuwa na mtu mwingine wa kulaumu.

Akaanza kujiuliza swali ambalo halikumwacha tena maisha yake yote. Mkulima wa Misri anakanyaga udongo kila siku. Udongo ni bure, na babu zake walijenga nao kwa maelfu ya miaka. Kwa nini basi hana nyumba nzuri? Wahandisi wa mjini walikuwa na jibu moja tu: saruji na chuma. Lakini vitu hivyo vilinunuliwa dukani kwa pesa, na mkulima hakuwa na pesa. Kumwambia asubiri simiti ilikuwa sawa na kumwambia asubiri milele.

Vita vilipomaliza mbao

Kuanzia mwaka 1930 Fathy alikuwa akifundisha katika chuo cha sanaa Cairo. Mwaka 1937 alionyesha hadharani michoro ya nyumba za mashambani za matofali ya udongo, michoro iliyopakwa rangi kwa ustadi mkubwa. Lakini mchoro haulali mtu ndani. Ilibidi ajenge.

Nafasi ilikuja wakati mbaya. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimeanza, na mbao na chuma kutoka nje vikaadimika. Fathy alikuwa amepewa kazi ya kujenga nyumba za shamba la chama cha kilimo huko Bahtim, karibu na Cairo. Akaona hapa ndipo pa kujaribu udongo.

Kuta hazikumsumbua. Matofali mabichi, yale yanayokaushwa juani bila kuchomwa, yakapangwa vizuri tu. Shida ilikuwa paa. Ukitaka kuezeka unahitaji mbao au bati, na mbao ndizo hizo hazipo. Fathy alijua kwamba Wamisri wa kale waliezeka kwa tofali lenyewe, paa la tao, yaani paa lililopinda kama bomba lililokatwa katikati likalazwa. Akawaambia mafundi wake wajaribu.

Paa likaanguka. Wakajaribu tena, nalo likaanguka.

Kawaida tao la tofali linajengwa juu ya mbao za kulishikilia mpaka lishikane, halafu mbao zinatolewa. Bila mbao, matofali yanashikiliwa na nini? Na ukiwa na mbao za kutosha kushikilia tao lote, si bora uezeke kwa hizo mbao zenyewe? Ebu jiweke kwenye viatu vyake. Una digrii, wewe ni mwalimu wa chuo, umeonyesha watu michoro wakakusifu. Sasa umesimama mbele ya rundo la matofali yaliyoanguka, na wafanyakazi wanakutazama.

Wengi wetu hapo tungetafuta wa kulaumu. Fathy aliuliza. Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Ndugu yake, ambaye alikuwa akifanya kazi kwenye bwawa la Aswan, akamwambia kwamba kule kusini Wanubi wanaezeka nyumba zao kwa matofali ya udongo bila ubao wowote wa kushikilia.

(Najua umefikiria Kibra. Wanubi wetu wa hapa wanatokana na wanajeshi waliotoka Sudan wakati wa mkoloni. Wale wa Aswan ni watu wa kingo za mto Nile, wanaoishi kusini mwa Misri na kaskazini mwa Sudan.)

Safari ya Aswan

Mapema mwaka 1941 Fathy alipanda treni pamoja na wanafunzi wake. Mji wa Aswan wenyewe ulimvunja moyo, hakuona cha maana. Kisha wakavuka mto hadi kijiji cha Gharb Aswan.

Huko alikuta kile alichokuwa akikichora miaka yote bila kujua kwamba kipo. Kijiji kizima cha nyumba za udongo, kubwa, safi, zenye mapaa ya matao, kila moja tofauti na ya jirani. Kuta za mbele zilikuwa zimepambwa kwa matofali yaliyopangwa yakaacha matundu kama kimia, na kwa michongo iliyofinyangwa kwa udongo. Hakuna msanifu aliyekuwa amepita hapo. Watu walikuwa wamejijengea.

Aliendelea kuzunguka. Akaona makaburi ya kale ya Waislamu yenye makuba, akaona monasteri ya Mtakatifu Simeoni, vyote vya matofali mabichi. Na kule Luxor, nyuma ya hekalu la Farao Ramses wa Pili, kuna maghala ya nafaka yaliyoezekwa kwa matao ya udongo. Maghala hayo yana zaidi ya miaka 3,000. Sehemu ya mapaa yake bado imesimama. Yale ya Bahtim hayakumaliza hata wiki.

Lakini majengo hayakuwa yakizungumza. Alihitaji mtu wa kumfunza. Katika kijiji cha Abu al-Rish, karibu na Aswan, akampata mzee aitwaye Boghdadi Ahmed Ali, fundi aliyekuwa bado anaijua ile kazi. Nataka ulikumbuke jina hilo, kwa sababu majina ya watu kama yeye hayaandikwi mara nyingi.

Tofali, vidole na tezo

Wacha nikueleze walivyofanya. Hapa ndipo nilipoinuka kitini.

Kwanza tofali lenyewe. La paa si sawa na la ukuta. Linawekwa majani makavu mengi zaidi ili liwe jepesi, na linafinyangwa bapa: urefu sentimita 25, upana 15, unene 5 tu. Kabla halijakauka, fundi anapitisha vidole viwili juu yake kutoka pembe moja hadi nyingine, akiacha mifereji miwili. Ukidhani ni urembo, umekosea. Mifereji hiyo inafanya tofali linate kwenye matope, linyonye na kushika bila kuteleza.

Kisha ukuta. Chumba kina kuta mbili za pembeni, na wa tatu, ule wa mwisho, unapandishwa juu zaidi ya zingine. Fundi anasimama kwenye ubao uliolazwa kati ya kuta za pembeni, anachota matope kwa mikono, anayapiga kwenye ule ukuta mrefu, anachora upinde kwa jicho tu. Hana kamba, hana timazi, hana kipimo. Anausawazisha kwa tezo. Upinde huo ni ule ambao wahandisi wanaupata kwa hesabu ndefu, ambapo uzito wote unateremka ndani ya tofali hadi chini bila kulivunja.

Sasa siri. Safu ya kwanza ya matofali haisimami wima. Fundi anaweka tope zaidi chini ya safu ili iinamie ule ukuta, kama mtu aliyeegemea mlango. Kila safu inayofuata inaiegemea iliyo nyuma yake. Kwa hivyo hakuna tofali linaloning'inia hewani peke yake, kila moja lina bega la kuegemea. Nafasi zinazobaki kwa juu zinajazwa vijiwe na vigae vikavu, kwa sababu tope likikauka linasinyaa na paa lingelegea. Hivyo hivyo, safu baada ya safu, mpaka chumba kimefunikwa.

Mafundi wawili walimaliza chumba kimoja kwa siku moja na nusu. Chombo chao kilikuwa ni tezo na mikono.

Fathy akawachukua mafundi wa Aswan, akawapeleka Bahtim, nao wakaezeka nyumba zilizokuwa zimemshinda. Mwalimu wa chuo alikuwa amefunzwa kazi na watu ambao wengi wao hakuna chuo kingewapokea. Na alilisema hilo wazi. Aliyaandika majina yao kitabuni na hakujifanya aligundua yeye.

Miaka mingi baadaye, Machi 1964, kituo cha utafiti wa ujenzi Cairo kilijenga vyumba vya majaribio kwa vifaa mbalimbali, wakapima joto ndani yake usiku na mchana. Kile cha matofali ya udongo kilibaki kati ya nyuzi 21 na 23 siku nzima. Kile cha zege lililotengenezwa kiwandani kilifika nyuzi 36, joto kuliko nje. Wewe unayelala kwenye keja ya ghorofa ya mwisho mwezi wa pili, unajua ninachosema.

Kijiji cha Gurna

Sasa inakuja sehemu ngumu. Ningeweza kuiruka nikuachie shujaa safi, lakini nitakuwa nakudanganya.

Ng'ambo ya mto kutoka Luxor kuna milima yenye makaburi ya wakuu wa Misri ya kale. Juu ya makaburi hayo, watu wapatao 7,000 walikuwa wamejenga vijiji vyao, Gurna. Baadhi yao waliishi kwa kuchimba na kuuza vitu vya kale, wengine kwa kuwaongoza watalii. Sanamu moja ya ukutani ilipoibwa, idara ya mambo ya kale ikaamua: watu wote wahamishwe. Mwaka 1945 ikampa Fathy kazi ya kuwajengea kijiji kipya kule bondeni, kwenye ekari 50.

Hii ndiyo ilikuwa ndoto yake yote. Alipanga nyumba karibu 900, na hakutaka zifanane kama maboksi ya kiberiti. Alichora mitaa inayopinda na viwanja vidogo ambapo koo zingekaa pamoja. Alijenga msikiti, soko, ukumbi wa michezo ya kuigiza na shule. Aliweka matofali ya matundu ili upepo upite na wanawake waone nje bila kuonwa. Akawaleta mafundi wa Aswan wawafunze vijana wa Gurna, na akapanga mafunzo hayo kwa ngazi: kijana aanze kwa kuhudumia, apande, na malipo yake yapande kadiri ujuzi unavyoongezeka. Mwishowe kijiji kingekuwa na mafundi wake chenyewe.

Ilipofika mwaka 1948 kazi ilikuwa imekwama. Nyumba zilizokamilika zilikuwa kama 130.

Kwa nini? Fathy mwenyewe aliandika kurasa nyingi akiilaumu serikali: majani ya kufyatulia matofali yaliyochelewa, malipo yaliyokwama, barua zilizozunguka ofisi hadi ofisi. Haya yote ni kweli na sisi Wakenya hatuhitaji kuelezwa. Lakini kulikuwa na jingine. Watu wa Gurna hawakutaka kuhama. Riziki yao ilikuwa kule mlimani. Na yale makuba ambayo Fathy aliyapenda, kwao kuba lilikuwa la kaburi. Nani anataka kulala kaburini akiwa hai? Fathy alieleza jinsi mtaro wa kuzuia maji ulivyokatwa usiku, mafuriko yakaingia kijijini, na hakuwa na shaka kwamba waliofanya hivyo ni watu wale wale aliokuwa akiwajengea.

Mahali pengine aliandika kwamba nyumba nzuri inahitaji watu watatu waliokaa pamoja: mwenye nyumba, fundi na msanifu. Sisi tunajua mafiga ni matatu, chungu hakikai juu ya mawili. Kule Aswan, msanifu alipiga magoti mbele ya fundi, na kitu kizuri kikazaliwa. Kule Gurna, fundi na msanifu walikuwepo. Mwenye nyumba alitangaziwa tu kwamba anahama. Figa la tatu halikuwepo, na chungu kikamwagika.

Namheshimu Fathy zaidi kwa sababu aliyaandika yote. Kitabu chake kuhusu Gurna kilitoka Cairo mwaka 1969, kisha kikachapishwa na Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1973, na wanafunzi wa usanifu dunia nzima wakakisoma. Kwa hesabu ya kawaida kinasimulia kazi iliyoshindikana. Lakini ndicho kilichompa jina.

Nabii kwao

Kule nyumbani, walimwona kama mtu aliyekwama zamani. Serikali zilitaka maghorofa na saruji, kwa sababu matope yalinuka umaskini. Mwaka 1957 alienda Athens kufanya kazi na kampuni ya wapangaji miji, akarudi miaka ya mwanzo ya 1960.

Akarudi kukuta pigo jingine. Bwawa kuu la Aswan lilikuwa linajengwa, na vijiji vya Wanubi upande wa juu wa bwawa vilikuwa vinaenda kuzama. Mwaka 1963 na 1964 makumi ya maelfu ya Wanubi wa Misri walihamishwa, wakapelekwa kwenye nyumba za serikali zilizopangwa kwa safu karibu na Kom Ombo. Vijiji vyao, pamoja na kuta zilizopambwa kwa mikono ya vizazi, vikafunikwa na ziwa. Gharb Aswan, kilicho chini ya bwawa, kilinusurika.

Mwaka 1967 alianza kijiji kingine, Baris, kwenye oasisi ya Kharga. Alijenga soko lenye minara ya kunasa upepo, ili mboga zikae baridi bila umeme. Vita vya mwaka huo na Israeli vikazuka, pesa zikakatika. Baris nayo ikabaki nusu.

Aliishi miaka yake ya mwisho katika nyumba ya zamani ya mtaa wa Darb al-Labbana, chini ya ngome ya Cairo, pamoja na paka wake. Ulimwengu ulimkumbuka akiwa mzee wa miaka 80. Mwaka 1980 alipewa tuzo tatu: ya mwenyekiti wa Tuzo ya Aga Khan, ya Balzan, na ile inayoitwa na wengi Nobeli mbadala. Mwaka huo huo alialikwa Abiquiu, jimbo la New Mexico, Marekani, kusimamia ujenzi wa msikiti wa udongo. Unajua alienda na nani? Mafundi Wanubi, waende waonyeshe Wamarekani. Alifariki Cairo tarehe 30 Novemba 1989.

Tangu mwaka 2000 kuna shirika linalofunza paa lile lile la Kinubi huko Burkina Faso na nchi jirani, sehemu ambapo miti ya kuezekea imekwisha na bati linachoma watu. Vijana wa huko wanapata kazi kwa ujuzi ambao mzee Boghdadi alikuwa ameushika mkononi.

Na sisi?

Usinielewe vibaya. Sikwambii ubomoe nyumba ya mawe urudi kwenye matope. Misri mvua ni kidogo, Kakamega si Aswan. Tofali bichi linataka msingi wa mawe uliopanda juu ya maji, na paa lenye ukingo mrefu wa kuzuia mvua isipige ukuta. Hata Gurna mpya imeumia kwa sababu ya maji ya chini ya ardhi na chumvi, na wakazi wengi wamebomoa wakajenga kwa zege. Udongo ukiupuuza, unakuaibisha.

Ninachokwambia ni kuhusu jicho. Sisi tumefunzwa kuona nyumba ya udongo kama aibu na fundi kama mtu wa kupatana naye bei mpaka achoke. Tembea Lamu utazame zidaka, yale mashubaka yaliyochongwa kwenye chokaa ndani ya nyumba za zamani. Tembea magharibi utazame tanuri za matofali ya kuchoma kando ya barabara, fundi akijua kwa rangi ya moshi kama matofali yameiva. Ujuzi huo wote uko kwenye vichwa vya wazee ambao hakuna anayewauliza kitu. Mmoja akifa, ni kama ziwa limefunika kijiji kimoja tena.

Fathy alikuwa na digrii na akaenda kuuliza. Sisi wengine hata digrii hatuna, na bado tunaona haya kuuliza.

Wiki iliyopita nilipita pale Ruai. Ukuta wa matundu bado upo, mtu ameanika nguo za mtoto juu yake. Nilimwuliza mlinzi kama anajua ni nani aliyeujenga, akanitazama kama niliyepotea. Nikatafuta namba ya mzee kwenye simu yangu ya zamani, nikampigia. Yuko Joska, anajenga. Nilimwambia nataka kujua alivyopiga zile hesabu mchangani. Alinyamaza kidogo, nikadhani laini imekatika. Kisha akaniambia nije Jumamosi asubuhi, mapema, kabla jua halijawa kali, na nisisahau kalamu.

Jumamosi nitakuwa huko. Na wewe, kuna mzee gani mtaani kwenu ambaye bado hujamwuliza kitu?